Wifi Alikuwa Akinisoma

Jumatatu, 8 Septemba

Shule imefunguliwa. Kitu cha kwanza nilichokikuta ukumbini ni theluji. Kwa kweli ni pamba, ile ya kufungia vidonda, imegandia kwenye mti wa plastiki tangu Desemba iliyopita. Miezi tisa mti umesimama pale pembeni na hakuna aliyeona haja ya kuuondoa.

Katika chumba cha walimu nikauliza: nani humu aliwahi kukanyaga theluji? Hakuna. Basi kwa nini kila mwaka tunawakalisha watoto wiki nzima kuikata kwa makaratasi? Mwalimu wa hesabu akasema, "Mama Gazeti ameshaanza," na wote wakacheka. Mama Gazeti ni mimi. Wanafunzi ndio walionibandika jina hilo kwa sababu ya barua zangu kwa mhariri, na walimu wakaliokota.

Nimeamua. Muhula huu, katika somo langu la historia, Darasa la Saba nitalifundisha Krismasi, jinsi watu mbalimbali duniani wanavyoisherehekea, kwa alama zipi, na alama hizo zilitoka wapi. Siku ya kufunga shule tutafanya maonyesho. Mimi ni muumini na naipenda sikukuu hii tangu nikiwa mtoto. Ndiyo maana sipendi kuiona inafundishwa kama bidhaa ya dukani. Nina miaka hamsini na mbili na nimeshagombana na wakaguzi wawili na askofu mmoja. Mti wa plastiki haunitishi.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo ni siku ya kusaini. Utaratibu wa shule yetu ni kwamba daftari la maandalio ya masomo haliendi kwa Mkuu mpaka mwalimu mwenzako alisome, aandike "Nimesoma" chini ya ukurasa wa mwisho na kutia sahihi. Mimi na wifi yangu tunasainiana mwaka wa kumi na moja huu. Wifi ni dada wa mume wangu, na ndiye mwalimu wa muziki. Chai ikiwa bado ya moto, yeye anavuta langu, mimi navuta lake, kalamu inapita, tunaendelea na maongezi.

Najua, niliwahi kuandika gazetini juu ya wakubwa wanaosaini mikataba wasiyoisoma. Lakini ile ilikuwa mikataba. Hizi ni nyimbo za watoto.

"Wifi, utaniua kwa vicheko," aliniambia leo nilipomsimulia habari ya pamba. Hakucheka sana, nikikumbuka vizuri.

Jumatano, 17 Septemba

Joto. Chaki inayeyuka mkononi.

Jumanne, 23 Septemba

Somo la leo lilikuwa tamu mpaka kengele ikanikera.

Nilitandika ramani kubwa sakafuni, tukatembea juu yake bila viatu. Polandi, ambako mezani huachwa nafasi moja kwa mgeni asiyetazamiwa. Uswidi, ambako hutengeneza mbuzi wa majani makavu. Ufilipino, taa za umbo la nyota, za mianzi na karatasi. Ukraini, ambako utando wa buibui ni pambo la mti. Ethiopia, ambako sikukuu yenyewe huja tarehe saba Januari.

Yule binti wa dawati la mbele, tunayemwita Swali, alisimama juu ya Ethiopia akainua mkono.

"Mwalimu, sasa nani anakosea tarehe?"

"Hakuna anayekosea. Kalenda ni mbili."

"Lakini Yesu alizaliwa mara moja."

"Mara moja. Ila waandishi wa Injili hawakututajia siku."

"Kwa hiyo walisahau?"

"Labda waliona kuna jambo kubwa zaidi la kuandika."

Alifikiri, akasogea kwenda Uswidi. Nikawaeleza nilichotaka wakishike: kila jamii imeuvika uzao ule nguo ilizokuwa nazo nyumbani. Penye majani makavu, majani. Penye mianzi, mianzi. Nikawapa kazi. Kila mmoja atafute nyumbani kwao kitu kimoja cha kawaida, akigeuze kuwa alama ya Krismasi, aje atueleze kwa nini.

Kwenye daftari nilikuwa nimeandika pia sentensi hii: "Mti huu wa plastiki ni wa watu walioujua msitu kabla ya kuijua Injili, na sisi tunausujudia bila kuujua msitu wala Injili." Sikuisema. Ina pilipili mno kwa watoto wa miaka kumi na mitatu. Nitaitafutia gazeti.

Ijumaa, 26 Septemba

Tumesainiana. Chai haikuwa na sukari.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mkuu wa shule amenipa ukumbi siku nzima ya kufunga. Wanafunzi humwita Bwana Aidha, kwa sababu hawezi kufungua kinywa bila neno hilo. "Aidha, Mwalimu, hakikisha hamgongelei misumari ukutani," ndiyo baraka niliyopata. Ni mtu mdogo mwenye funguo nyingi. Simpendi, na sijawahi kuficha.

Nikamwambia Wifi habari ya ukumbi tukiwa tunasaini. Akasema, "Hongera, wifi yangu," akalisogeza daftari lake karibu na kikombe changu. Likachukua tone la chai.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza. Paa la Darasa la Saba linavuja mahali patatu. Tumehamisha Uswidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumesaini. Wifi hakumaliza chai. Kichwa kinamuuma, amesema.

Jumanne, 14 Oktoba

Kazi zimeanza kuingia na nashindwa kuzisimulia bila kujisifu. Kijana mmoja ameleta nyota ya spoku za baiskeli, ameikunja kwa koleo la baba yake. "Kwa sababu baba hurudi nyumbani kwa baiskeli, na mamajusi nao walikuwa safarini." Mwingine ameleta kandambili moja ya bibi yake aliyefariki, ameizungushia uzi mwekundu: ni ya mgeni asiyetazamiwa. Swali ameleta ufunguo wa nyumba waliyohama. Nilimuuliza una maana gani. "Hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, Mwalimu. Sasa nafasi ipo, ni kufungua tu."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumesaini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mafua. Nimefundisha kwa mikono.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mkuu ameniita ofisini saa nne asubuhi. Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwepo, yule mfamasia mstaafu mwenye sauti ya kuandika dozi. Mezani palikuwa na barua ya kurasa mbili, imepigwa chapa, haina jina. Chini imeandikwa tu, "Mzazi mwenye uchungu".

Barua inasema mwalimu wa historia wa Darasa la Saba anawafundisha watoto kuidharau Krismasi. Kwamba anawaambia tarehe ni ya kubuni. Kwamba anawakanyagisha watoto viatu vya marehemu na kuviita vitakatifu. Kwamba ni mwanamke anayetafuta umaarufu magazetini na sasa anautafuta kwa watoto wa watu. Inaiomba bodi imwondoe darasani kabla ya mwaka kwisha.

"Bodi itakaa tarehe kumi na tisa Novemba," akasema mfamasia. "Hadi hapo unaendelea kufundisha. Baada ya hapo, tutaona."

"Mtaona nini?"

"Kama unafaa kubaki na watoto, Mwalimu."

Miaka ishirini na tano ya chaki, na ndilo swali. Nikaomba nakala, nikapewa. Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka kwenye mifupa na nikamsomea mume wangu. Yeye ni fundi wa kutengeneza cherehani, karakana yake iko upande wa mbele wa nyumba yetu. Alikuwa amelaza moja kifudifudi anaitia mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, Mwalimu," akasema. Huniita Mwalimu tangu tulipochumbiana, kwa utani uliogeuka jina.

"Pole tu?"

"Nikwambie nini? Kula kwanza."

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeisoma barua ile mara tisa, na leo mara ya kumi, nikiwa nimesimama jikoni, nikaiona. Ukurasa wa pili, katikati: "Amewaambia watoto wetu kwamba mti ni wa watu walioujua msitu kabla ya kuijua Injili, na kwamba sisi tunausujudia bila kuujua msitu wala Injili."

Sikuwaambia. Hakuna mtoto aliyesikia maneno hayo, kwa hiyo hakuna mzazi aliyeyasikia kwa mtoto. Yapo mahali pamoja tu duniani, kwenye daftari langu la maandalio, ukurasa wa tarehe 23 Septemba.

Daftari hilo hupita mikono miwili. Wifi, ambaye hasomi. Na Mkuu.

Bwana Aidha, leo nimekupata.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandika polepole kwa sababu nimeaibika, na mtu aliyeaibika huelekea kuandika haraka.

Kwenye kikao cha walimu nilisimama kabla ya ajenda. Nikasoma sentensi ya barua, nikafungua daftari, nikasoma sentensi yangu. Nikasema kwamba mzazi mwenye uchungu hayupo, na kwamba aliyeandika ni mtu aliyelishika daftari hili. Nikamgeukia Mkuu nikamwambia kwamba kiongozi anayechongea walimu wake kwa barua isiyo na jina hafai kushika hata ufunguo wa choo. Nilisema mengine pia. Nilikuwa na moto na nilisikia raha kuwa na moto, nakiri. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nikapaza sauti juu yake.

Bwana Aidha alingoja nimalize. Akavua miwani.

"Mwalimu, sijawahi kulisoma daftari lako."

Walimu wakacheka kidogo, kwa woga.

"Si lako tu. La mtu yeyote. Aidha, kama nafanya makosa, mtanisamehe. Yanakuja madaftari kumi na tano kila Jumatatu na mimi naangalia kitu kimoja: kama chini kuna 'Nimesoma' na sahihi. Nikiiona, nagonga muhuri. Mimi nilidhani mnasomana."

Hakuna aliyecheka tena. Nikawatazama wote, na kila mmoja alikuwa anatazama kikombe chake. Wifi hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa asubuhi, kichwa.

Nimemwomba Mkuu radhi mbele ya wote. Aliipokea vizuri kuliko nilivyoitoa.

Jumamosi, 1 Novemba

Haiwezekani. Ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua binti yangu. Ndiye aliyenilisha kwa kijiko mwezi mzima nilipovunjika bega.

Nilimwambia mume wangu, "Daftari limesomwa na mtu mmoja tu." Akauliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Akazima redio, halafu akaiwasha tena.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilimfuata chumba cha muziki baada ya vipindi. Ni chumba kirefu chenye kinanda chenye vitufe vitatu bubu na viti vilivyopangwa kwa sauti nne. Alikuwa anafuta ubao. Nilifunga mlango.

"Wifi. Ni wewe?"

Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kufutika. "Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Kukiri kulinikuta mikono mitupu. "Tangu lini unasoma daftari langu?"

"Tangu siku ya kwanza. Kila Ijumaa nilikuwa nalisoma kabla hujaja, ukiwa bado darasani. Unadhani mtu ataandika 'Nimesoma' miaka kumi na moja bila kusoma?"

"Mimi niliandika."

"Najua," alisema. "Ndiyo habari yenyewe."

Akavuta daftari lake kutoka kwenye mkoba, akalifungua, akaliweka juu ya kinanda. Tarehe tatu Oktoba, lenye doa la chai. Chini ya mazoezi ya sauti aliandika kwa mwandiko wake mdogo: "Wifi, wimbo wangu wa Krismasi umekamilika. Miaka miwili nimeutunga, una sauti nne. Nasikia unataka ukumbi siku ya kufunga, na kwaya nayo haina mahali pengine. Nakuomba tugawane siku. Nimeshindwa kukwambia mdomoni kwa sababu ukianza kuongea mimi hunyamaza. Nijibu hapa." Chini yake, kwa mkono wangu: "Nimesoma." Na sahihi.

Tarehe kumi: "Wifi, hukunijibu. Hata nusu saa ingetosha." Nimesoma.

Tarehe kumi na saba: "Basi nimekuelewa." Nimesoma. Sahihi yangu ile yenye mkia mrefu, ninayoipenda.

Neno lilikuwa moja tu la kusema. Badala yake nikasema, "Ungeniita pembeni."

"Nimekuita pembeni mara ngapi tangu uolewe na kaka yangu? Kila nikikuita pembeni unanihutubia."

"Na dawa ukaona ni kunichongea kwa bodi? Niondolewe darasani?"

"Nilitaka uone inavyokuwa mtu akikusoma vibaya kwa makusudi."

"Sentensi ile sikuisema kwa watoto, na wewe unajua. Uliandika kwamba niliisema."

Hapo ndipo alipoinamisha macho. Nikaondoka. Neno lile la kuomba radhi bado sijalisema wakati naandika haya, na kadiri saa zinavyopita linageuka kitu kingine.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Ndoo nne darasani sasa.

Jumamosi, 8 Novemba

Alikuja nyumbani leo saa tisa, amebeba mwavuli wa mumewe. Mume wangu alimfungulia akarudi karakana mara moja. Tulikaa sebuleni kama watu wanaosubiri daktari.

"Wifi, nimekosa," akasema. "Nikiitwa na bodi nitawaambia kwamba nilisoma kila ukurasa na sikuona ubaya. Mimi ndiye msaini wako. Wataniamini."

"Na barua?"

"Ya barua niachie. Nitajua la kusema."

Nikamwambia nami nimekosa. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikamwambia ukumbi tutagawana, kwaya asubuhi, maonyesho mchana. Alilia. Mimi sikulia, ila nilimpa kikombe kile ambacho humpa mgeni wa heshima tu. Kosa nililofanya, naliandika hapa wazi, ni kwamba nilimwamini mzimamzima, kama ninavyofanya kila kitu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeandika utetezi wa kurasa kumi na mbili. Historia ya mti, ya nyota, ya tarehe. Ni kazi bora niliyowahi kuandika.

Jumatano, 19 Novemba

Bodi ilikaa maktaba. Watu saba, meza moja, jagi la maji. Niliweka kurasa zangu kumi na mbili mbele yangu. Hakuna aliyeniomba hata moja.

Mfamasia alisema: "Hatutaingia kwenye mambo ya dini. Tunataka kujua jambo moja la kiutaratibu. Maandalio haya yalisomwa na mwenzako?"

"Yalisomwa yote."

Wakamwita Wifi. Aliingia amevaa gauni la kanisani. Hakunitazama.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetia sahihi. Uliyasoma maandalio haya?"

Akasema, kwa sauti ile ndogo ambayo watu huiamini, "Hapana, Mwenyekiti. Sikuwahi kuyasoma. Tulikuwa tunasainiana tu, tukinywa chai. Yeye ni mke wa kaka yangu na ni mtu mkali. Akikwambia saini, unasaini. Ningeyasoma, yasingefika kwa watoto."

Nikasimama.

"Anadanganya," nikasema. "Amesoma kila neno kwa miaka kumi na moja. Barua yenu ameiandika yeye."

"Una ushahidi?"

Ushahidi. Sentensi iko kwenye daftari langu, ndiyo, lakini kila Ijumaa daftari hilo hukaa mezani chumba cha walimu, yeyote angeweza kulifungua, na siwezi kuthibitisha kwamba sentensi hiyo sikuisema darasani. Ushahidi mwingine uko kwenye daftari la Wifi, juu ya sahihi zangu tatu. Nikasema waliitishe hilo daftari. Wifi akalitoa mwenyewe kwenye mkoba, taratibu, akaliweka mezani. Alikuwa amekuja nalo.

Mfamasia alisoma ukurasa wa tarehe tatu Oktoba. Akanitazama juu ya miwani.

"Hapa mwenzako anakuomba nafasi ya kwaya. Na wewe umeandika umesoma. Ulisoma?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningekuwa katili, lakini mwalimu anayesoma anachotia sahihi. Watu saba walikuwa wananitazama, na katibu alikuwa ameinua kalamu.

"Hapana," nikasema.

Katibu akaandika. Kati ya kweli zote nilizosema katika chumba kile, hiyo ndiyo pekee waliyoitumia.

Ijumaa, 21 Novemba

Uamuzi umekuja kwa barua. Nimepatikana na kosa la kutia sahihi za uongo. Juu ya Krismasi, hakuna neno. Naondolewa Darasa la Saba kuanzia leo, na Jumatatu nitahamia stoo ya vitabu "hadi itakapoamuliwa vinginevyo". Maonyesho yamefutwa ili kuepusha malalamiko. Ukumbi umepewa kwaya. Wifi amepewa onyo la mdomo kwa sababu alisema wazi.

Tulitoa kazi za watoto ukutani kipindi cha mwisho. Kila mmoja alichukua yake. Swali alitia ufunguo mfukoni, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, tumekosa nini?"

"Nyinyi hamjakosa."

"Sasa mbona tunatoa?"

Nikamwambia aangalie asiteleze, sakafu ina maji.

Jumatatu, 24 Novemba

Stoo ya vitabu haina dirisha.

Ijumaa, 28 Novemba

Shule imefungwa. Nilikuwa nimeapa kutokwenda, nikaenda, nikasimama nyuma karibu na mlango.

Natamani niandike kwamba wimbo ulikuwa mbaya. Ulianza na wasichana peke yao, chini kabisa, kama watu wanaongea chumba cha pili, halafu sauti nyingine zikaingia moja moja bila kusukumana. Nimemjua mwanamke huyu miaka ishirini na sita na sikujua ana kitu hiki ndani.

Kisha wakafika ubeti wa mwisho. Waliimba kwamba mwenye majani makavu amvike majani, mwenye mianzi amvike mianzi, na asiye na kitu aache nafasi mezani, mgeni yuko njiani. Ni somo langu la tarehe 23 Septemba. Neno kwa neno mahali pengine. Watoto wa Darasa la Saba waliokuwa kwenye kwaya waliligundua, niliona wanatazamana, na Swali akageuka kunitafuta nyuma. Wazazi walisimama wakapiga makofi. Mfamasia alisimama. Bwana Aidha alikuwa anapangusa miwani.

Hakuna mtu aliyewahi kunisoma vizuri hivyo. Nilitoka kabla hawajakaa.

Jumamosi, 29 Novemba

Mume wangu aliniambia asubuhi kwamba dada yake ametualika Krismasi kwake, wote, kama kila mwaka. Nikanywa chai yangu kwanza. Kisha nikamfuata karakana nimwambie kwamba siendi, na kwamba yeye akitaka aende.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani ya mteja, anaijaribu kwa kipande cha kitambaa. "Mwalimu, ni ndugu," akasema bila kusimamisha mguu. "Alikuwa na uchungu tu. Mbona ile barua ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi, na akaibadilisha."

"Ya kwanza ipi?"

Mguu ukasimama.

"Barua ya kwanza ipi?"

Alitoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja mara mbili, akakikunja tena. Akaniambia. Dada yake aliileta hapa karakana jioni ya siku ile ya mafua, nikiwa nimelala ndani. Aliisoma yote. Alimwambia asiipeleke. Wifi akasema ataipeleka. Basi akamwomba atoe mstari mmoja, na Wifi akautoa.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Nilipokusomea nimelowa maji, ukaniambia nile, ulikuwa unaijua."

"Ni dada yangu. Na wewe ni mke wangu. Nilitaka isikuumize sana. Ndiyo maana nilimwomba autoe ule mstari."

Ndoa ya miaka ishirini na sita, na fungu langu ndani yake ni mstari mmoja. Nilimuuliza ulikuwa unasemaje. Hakutaka. Nikamwambia siondoki.

"Uliandikwa kwamba mwanamke huyu hampendi mtu mpaka kwanza amshinde."

Nimeuandika hapa, kwa mkono wangu, usije ukapotea.

"Na ulimwambia autoe," nikasema, "kwa sababu ni uongo?"

Akainama kutafuta parafujo kwenye kopo la parafujo. Nikavuta kiti cha wateja nikakaa mbele yake, nikasubiri. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Hapakuwa na kelele yoyote kwenye bati, ya kumfanya aseme kwamba hakunisikia.